Farasi Mwenye Joto Anaruhusiwa Kunywa Maji

Bado wapo wanaomzuia farasi aliyetoka mbioni asinywe maji hadi apoe, wakihofia msokoto wa tumbo. Katika mbio za masafa marefu, kama zile za kilomita 160, hofu hiyo ndiyo yenye madhara. Kwenye joto farasi hutoa lita 10 hadi 15 za jasho kwa saa, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko la binadamu. Kwa kuwa chumvi hutoka pamoja na maji, kiwango cha chumvi katika damu hakipandi sana, na ubongo hauoni kiu mapema. Ukimzuia dakika ishirini, huenda asitake tena. Matumbo yakikosa maji hulegea, na hapo ndipo msokoto huanza.

Basi mwache anywe kila anapokuta maji, kisha atembee. Chumvi za kumpa mdomoni kwa bomba la sindano zije baada ya kunywa. Akipewa kabla hajanywa, chumvi hizo huvuta maji ya mwilini kwenda tumboni. Bonyeza ufizi: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, mwite daktari wa mifugo, hata kama mapigo ya moyo yameshuka chini ya 64 kwa dakika, kikomo cha kawaida cha kumruhusu aendelee na mbio.