Tiba ya PRP kwa Wanaotafuta Mtoto: Inasaidia Wapi, Haisaidii Wapi

Wanawake wengi wanaotuuliza sisi madaktari wa uzazi habari za PRP, tiba inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, huwa wameshasikia kwamba ni "sindano ya kuamsha mayai". Sisi huanza na swali jingine: mimba inazuiwa na nini? Kama mirija ya uzazi imeziba, PRP haiizibui. Kama mbegu za mume ni chache, kumtibu mke peke yake ni kupoteza muda, na muda ndio kitu adimu kuliko vyote katika uzazi.

PRP ni plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi, inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Chembe sahani tunazijua kwa kugandisha damu mtu anapojikata, lakini pia zimebeba protini zinazochochea seli kugawanyika na mishipa midogo ya damu kuchipua. Madaktari wa meno na mifupa walianza kuzitumia mapema kuliko sisi.

Damu huchotwa mkononi, ikatiwa dawa ya kuizuia isigande, kisha ikazungushwa kwa kasi katika mashine. Chembe nyekundu hushuka chini, na sehemu yenye chembe sahani huvunwa. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. PRP mara nyingi hulenga mara 3 hadi 5 ya kiwango kilichomo katika damu ya mgonjwa. Tatizo ni kwamba kila maabara ina kasi yake na muda wake wa kuzungusha, hivyo PRP ya hapa huenda isifanane na ya pale. Ndiyo maana matokeo ya tafiti ni magumu kulinganisha.

Matumizi yenye mantiki zaidi, kwa maoni yangu, ni kwa mwanamke ambaye ukuta wa ndani wa mfuko wake wa uzazi unabaki chini ya milimita 7 hata baada ya kupewa homoni. PRP huingizwa kwa mpira mwembamba kupitia shingo ya kizazi, siku chache kabla ya kupandikiza kiinitete (yai lililorutubishwa maabara na kuanza kukua). Tafiti kadhaa zimeonyesha ukuta ukinenepa, ila nyingi ni ndogo.

Kudunga PRP kwenye ovari ni jambo jingine kabisa. Sindano hupitishwa ukeni ikiongozwa na altrasaundi, na inaweza kuleta maambukizi au kutokwa damu kwa ndani. Haijathibitishwa kwamba inatengeneza mayai mapya. Anayekuahidi hivyo, muulize ushahidi.

PRP haifai kwa mwenye maambukizi, saratani, upungufu wa chembe sahani au tatizo la kuganda kwa damu.

Mweleze daktari dawa zote unazomeza. Aspirini hudhoofisha chembe sahani kwa muda wote chembe hizo zinapoishi, yaani siku 7 hadi 10, kwa hiyo kidonge cha juzi bado kina athari leo. Lakini kama uliandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache bila idhini ya daktari.