Je, wajua kwa nini roboti ya uokoaji iliyofuata mstari vizuri darasani hupotea ukumbini?

Jioni, katika maabara ya shule, roboti inamaliza njia yote bila kuguswa. Asubuhi yake, mbele ya waamuzi, inatoka kwenye mstari kabla ya kona ya kwanza. Programu ni ileile na mota ni zilezile. Kilichobadilika ni mwanga, na baada ya mwanga, chaji ya betri.

Mashindano yenyewe ni Rescue Line ya RoboCupJunior, tawi la vijana wa miaka 14 hadi 19 katika RoboCup, mashindano ya kimataifa ya roboti. Wazo la roboti za uokoaji katika RoboCup lilitokana na tetemeko la ardhi lililoivunja Kobe, Japani, Januari 1995. Uwanja ni vigae vya sentimita 30 kwa 30 vyenye mstari mweusi wa upana wa sentimita 1 hadi 2. Njiani mna mapengo, matuta, vizuizi na miinuko ya hadi nyuzi 25. Rimoti hairuhusiwi: ikishawashwa, roboti hujiamulia kila kitu. Muda ni dakika 8. Kila kigae kikipitwa kwa jaribio la kwanza huleta pointi 5, la pili 3, la tatu 1, kwa hiyo kupotea mara moja tu kunauma.

Kwa mazoezi Kisumu au Nakuru, plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 hutosha vigae 32. Ipake rangi nyeupe isiyong'aa, kisha chora njia kwa tepu nyeusi ya umeme.

Sasa tazama kinachotokea chini ya roboti. Kihisi kinachotumiwa na wengi ni TCRT5000. Ndani yake mna taa ndogo ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni, na kando yake kipokezi kinachosubiri mwanga huo urudi kutoka sakafuni. Nyeupe huurudisha kwa wingi, nyeusi huumeza. Arduino Uno, bodi ndogo inayoiongoza roboti, husoma matokeo kama namba kati ya 0 na 1023; mwanga ukizidi, namba hushuka. Tuseme nyeupe inasoma 80 na nyeusi 850. Mwanafunzi anachukua katikati, 465, anaiandika kwenye programu: ikizidi hapo, huo ni mstari.

Namba hiyo ndiyo inayomwangusha. Jua hutoa infraredi nyingi kuliko taa ile ndogo, ilhali taa za LED za darasani hutoa kidogo mno. Jua likiangukia tepu, kipokezi hakina njia ya kujua mwanga umetoka wapi. Ile 850 yaweza kushuka hadi 400, na programu ikaona sakafu nyeupe palipo na mstari. Tepu ya umeme inang'aa pia, na mng'ao wake huzidisha kosa.

Huku kwetu jua halikai mahali pamoja. Ikweta inapita Maseno, na jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa. Doa la jua lililokuwa katikati ya ukumbi saa mbili asubuhi huwa limesogea kuelekea dirishani kufikia saa nne. Ukumbi wenye mabati ya kupitisha mwanga hupata doa lake mchana, jua likiwa juu kabisa, na Kisumu hiyo ni saa saba kasorobo hivi. Kipimo cha asubuhi hakifai tena mchana.

Dawa ya kwanza ni ya mikono, na isirukwe. Weka vihisi milimita 3 hadi 5 kutoka sakafuni, kisha vizungushie pazia la karatasi nyeusi ngumu au sponji, likiacha nafasi ndogo tu chini ili lisikwame kwenye matuta. Dawa ya pili ni ya programu: soma kihisi taa yake ikiwa imezimwa, soma tena ikiwa imewashwa, kisha toa namba moja kwenye nyingine. Kinachobaki ni mwanga wa taa yenyewe. Lakini jua kali likishajaza kipokezi, masomo yote mawili hulingana na hakuna cha kutoa. Ndiyo maana pazia hutangulia.

Dawa ya tatu ni kalibresheni ya papo hapo, yaani kuvipima vihisi upya palepale uwanjani. Kanuni huiruhusu, ila muda wake uko ndani ya zile dakika 8, na roboti hairuhusiwi kujisogeza yenyewe wakati huo. Basi weka kitufe: kikibonyezwa, isogeze roboti kwa mkono juu ya mstari na sakafu kwa sekunde 5, programu ihifadhi namba ndogo na kubwa ya kila kihisi, kisha itafute mpaka wake, yaani namba ya katikati. Usitumie mpaka mmoja kwa vihisi vyote. Hata vya pakiti moja hutofautiana.

Alama za kijani kwenye makutano, za milimita 25 kwa 25, zinazoonyesha upande wa kugeuka, zina mtego wake. Kihisi cha rangi kikiwa nusu juu ya nyeupe na nusu juu ya nyeusi kinaweza kudai kimeona kijani. Linganisha kijani na nyekundu badala ya kutazama kiasi cha kijani peke yake, na usikubali mpaka masomo matatu mfululizo yakubaliane.

Betri nayo hudanganya polepole. Seli mbili za 18650 (betri za lithiamu za kuchajiwa) zilizounganishwa mfululizo zikijaa hutoa volti 8.4, zikitumika hushuka chini ya 7, na L298N, bodi inayoendesha mota, hula takriban volti 2 kabla mota haijapata kitu. Kona iliyoandikwa "geuka milisekunde 600" itapungua kadiri chaji inavyoshuka. Pima kona kwa enkoda, inayohesabu mizunguko ya gurudumu, au jairo, inayopima mgeuko wa roboti. Mota ya servo inayonyanyua majeruhi, yaani mipira inayookolewa mwishoni, ipe reguleta (kidhibiti volti) yake ya volti 5, unganisha graundi zote, yaani nyaya za hasi, na weka kapasita (kihifadhi chaji) ya mikrofaradi 1000 karibu nayo. Bila hivyo, ikivuta umeme ghafla, bodi hujiwasha upya na kusahau iko wapi.

Majeruhi ni mipira ya sentimita 4 hadi 5 ndani ya chumba cha sentimita 120 kwa 90: ya fedha ni walio hai, myeusi ni waliokufa. Weka kihisi cha umbali kimoja kwenye kimo cha sentimita 2.5 na kingine 7. Cha chini kikiona karibu na cha juu kikiona mbali, ni mpira. Vikilingana, ni ukuta. Usiamini hilo kwa mbali: koni ya kuona ya VL53L0X, kihisi cha umbali cha kawaida, ni nyuzi 25 hivi, na kwa sentimita 20 imeshapanuka karibu sentimita 9.

Mpira wa fedha hupitisha umeme. Bati mbili ndogo kwenye vidole vya roboti, moja ikienda graundi na nyingine kwenye pini ya Arduino iliyowekwa INPUT_PULLUP (husoma 1 isipoguswa na graundi), hutosha: pini ikishuka hadi 0, majeruhi yu hai na apelekwe pembe ya kijani ya chumba, si nyekundu. Kwa mazoezi, zungushia foili mpira wa tenisi ya mezani. Ila huo una gramu 2.7 tu, na ule halisi unaweza kufika 80 na uzito wake hauko katikati, kwa hiyo utoboe na ujaze mchanga nusu kabla ya kufunga foili.