Haongei, lakini anagonga: maswali ya wazazi wa Dar kuhusu tiba ya muziki

Maswali haya nimeulizwa na wazazi hapa Dar es Salaam, mengi tukiwa kwenye benchi la kliniki, mtoto amepakatwa na zamu haijafika.

Tiba ya muziki si ndiyo kumwekea mtoto nyimbo kwenye simu ili atulie?

Hapana. Simu inaimba, ila haimsikii mtoto. Katika tiba hii lazima awepo mtu anayemsikiliza na kumjibu, iwe kwa sauti, ngoma, kayamba au kinanda. Na lipo lengo lililopangwa: mtoto ajifunze kupokezana, atoe hasira bila kumuumiza mwenzake, au anyooshe mkono uliokakamaa. Mtaalamu anaandika anachokiona, na baada ya wiki kadhaa analinganisha.

Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan State kilianza kufundisha tiba hii mwaka 1944. Kwa upande wa watoto, mwaka 1959 mtunzi wa muziki Paul Nordoff na mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, Clive Robbins, walianza kufanya kazi pamoja Uingereza. Waliamini kwamba kila mtoto ana muziki ndani yake, hata awe na ulemavu mzito kiasi gani. Nami naamini hivyo.

Mwanangu ana miaka sita, ana usonji (autism). Tiba hii itamfanya aongee?

Mama, sitakuahidi maneno. Ngoja nikueleze nilichokiona.

Mvulana mmoja wa Temeke kila akiingia chumbani alikwenda moja kwa moja dirishani, akatugeuzia mgongo. Sikumwita. Nilikaa chini na ngoma ndogo, nikasubiri. Wiki ya tatu akagonga nondo ya dirisha kwa kidole: ta, ta-ta. Nikajibu kwenye ngoma vilevile: ta, ta-ta. Akanyamaza. Akagonga tena, safari hii haraka zaidi, kisha akageuza shingo aone kama nitaweza. Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni na mkoba mapajani, akajiziba mdomo.

Kugeuza shingo kule ndiko ninakokutafuta. Mazungumzo ni kupokezana, na mtoto ambaye hajaonja raha ya kusubiri jibu la mwenzake bado ana safari ndefu kufika kwenye maneno.

Tafiti nazo zinatutaka tuwe wakweli. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 364 wenye usonji katika nchi 9, na dalili za usonji hazikupungua zaidi kwa waliopata tiba ya muziki kuliko kwa wenzao wasioipata. Mwaka 2022 mapitio ya tafiti 26 yalionyesha kwamba waliopata tiba hiyo walielekea kuwa na nafuu ya jumla na maisha bora zaidi, ila kwenye kuongea kwenyewe tofauti haikuwa wazi. Akikuuzia mtu "muziki wa kuponya usonji", funga pochi yako.

Jambo moja kabla ya yote: mtoto asiyeongea apimwe masikio kwanza.

Hii si ndiyo ngoma ya kupunga pepo? Na sisi nyumbani hatupigi muziki.

Hakuna pepo anayeitwa wala mtu anayetarajiwa kupandisha. Kuhusu imani, mtaalamu mzuri huuliza familia kabla ya kugusa chombo chochote. Makofi yanatosha. Sauti yako inatosha. Kama nyumbani kwenu kuna dufu na kaswida, basi tunaanzia hapo.

Kijana wangu wa miaka 15 amefiwa na baba yake. Haongei na mtu, ni singeli masikioni kutwa. Nimnyang'anye simu?

Usimnyang'anye. Kaa karibu, mwombe akusikilizishe wimbo mmoja, usiukosoe. Singeli imezaliwa uswahilini kwetu hapahapa, na vijana wengi wanasemea humo wasiyoweza kuyasema sebuleni. Kwenye tiba, kijana kama huyo anaweza kuandika mistari yake mwenyewe, na mara nyingi jina la marehemu hutokea humo kabla halijatamkwa mdomoni.

Ireland ya Kaskazini walifuatilia watoto na vijana 251 wa miaka 8 hadi 16. Baada ya wiki 13, waliopata tiba ya muziki walijithamini zaidi na huzuni yao ilikuwa imepungua. Baada ya miezi sita tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa hiyo wiki chache hazitoshi, mtoto aendelee kushikwa mkono.

Kijana wako apunguze sauti ya muziki masikioni. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Na akisema anataka kufa, au ukiona anajikata, usimwache peke yake: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Simu ya watoto, 116, ni bure.

Wataalamu ni wachache. Naweza kuanza na nini nyumbani?

Dakika kumi kwa siku, televisheni imezimwa. Mpe sufuria na mwiko, naye ndiye aanze. Akigonga mara mbili, nawe gonga mara mbili. Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Akiziba masikio au akianza kulia, acha, mtajaribu kesho kwa sauti ya chini. Dawa za kifafa au nyingine alizoandikiwa zinaendelea kama kawaida.

Jioni mwimbie wimbo uleule wa kuoga. Ukifika neno la mwisho, usilitamke. Mtazame, kopo la maji mkononi. Huenda akalijaza kwa neno, kwa mguno, au kwa kuligusa tu kopo. Vyote ni jibu, mmwagie maji.