Kupiga Hodi Kabla ya Kupiga Mpira

Vikundi vya Nakuru mjini huenda Msitu wa Mau kukimbia, kuendesha baiskeli au kuandaa mashindano ya kandanda upande wa Nessuit na Mariashoni. Sisi tunaoshughulikia michezo ya jamii tunaufurahia mwamko huo. Hata hivyo, huko ni nyumbani kwa Waogiek, na mgeni hupiga hodi.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikiuka haki za jamii hiyo asilia ilipoiondoa msituni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza Waogiek walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao ya jadi, na washauriwe kwa kufuata mila zao kuhusu miradi ya maendeleo, uhifadhi au uwekezaji katika ardhi hiyo. Amri hiyo iliielekea Serikali, lakini naamini nasi waandalizi wa michezo inatufunza jambo.

Mwaka mmoja tulipokuwa tukiweka alama za njia ya mbio, vijana wetu walifunga utepe mwekundu kwenye mti uliobeba mzinga wa gogo la mtarakwa. Mzee mmoja alitufikia, akaushika ule utepe bila ghadhabu, akasema, “Wanangu, mti huu una mwenyewe.” Kisha akatueleza kwamba kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, kuanzia mabondeni hadi juu kwenye baridi, ili watu wafuate asali kadiri maua yanavyochanua. Tulikuwa tumepanga mbio hizo katika majuma ya kurina asali, kwa sababu hatukuwa tumemuuliza yeyote.

Kwa hiyo ratiba ipangwe pamoja na wenyeji kabla ya matangazo kuchapishwa, waongoza njia na waamuzi watoke miongoni mwao, na malipo yao yajulikane mapema. Kugawa jezi na mipira, kupiga picha na kuondoka si urafiki. Watangazaji nao waache kabisa kuwaita watu hawa “Wandorobo”, jina walilobandikwa na wengine kwa maana ya maskini wasio na ng’ombe. Wao ni Waogiek.

Hali ni hiyo hiyo Ziwa Bogoria, ambako Waendorois walianza kuondolewa mwaka 1973 ili kupisha hifadhi ya wanyama, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatambua haki yao. Ziwa hilo ni mahali pao pa ibada, hivyo anayekwenda kutembea kwenye chemchemi za maji moto aulize kwanza ni wapi pasipokanyagwa.

Ule utepe tuliufungua siku ile ile. Mbio zikasogezwa hadi asali iliporinwa, na njia mpya, ndefu kuliko ya kwanza, tuliichorewa na mzee yule na wanawe.