Boti mbili, safari tatu

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kila tunapotoa elimu ya kompyuta hapa Lamu ni hili: mashine ikichelewa, si iongezwe prosesa, yaani ile sehemu inayotenda kazi za kompyuta? Kwa simu ya kutazamia video, sawa, utapata nafuu. Kwa breki za gari au mashine inayomsaidia mgonjwa kupumua, mambo ni mengine. Mifumo hiyo huitwa ya wakati halisi, na jibu lake likija makataa yakiwa yamepita, halina faida hata likiwa sahihi.

Twende gatini. Boti ndizo prosesa, safari ndizo kazi. Tuseme ni saa 2:00 asubuhi, kuna boti mbili na safari tatu. Safari mbili ni za Shela, kila moja dakika 20 kwenda na kurudi, na lazima ziwe zimekwisha ifikapo saa 3:40. Ya tatu ni mzigo wa Faza, mwendo wa dakika 100, na mwenyewe anautaka ufike kabla ya saa 3:50. Nani atangulie? Kanuni maarufu inasema mwenye makataa ya karibu. Mwaka 1973, watafiti wa kompyuta Liu na Layland walithibitisha kwamba kwenye prosesa moja, kazi zinazojirudia zikipangwa hivyo, hakuna itakayochelewa maadamu jumla yake haizidi uwezo wa prosesa.

Haya, tuifuate. Boti zote mbili zinakwenda Shela, zinarudi saa 2:20, ndipo mzigo wa Faza unapong'oa nanga. Unafika saa 4:00, umechelewa dakika 10, na muda wote huo boti ya pili imefungwa gatini haina kazi. Fanya boti ziwe 100, na safari za Shela 100: mzigo wa Faza bado utafika saa 4:00. Dhall na Liu walilionyesha hilo mwaka 1978, na mpaka leo nikilifundisha naona wanafunzi wanarudia hesabu mara mbili.

Dawa ni kuipa Faza boti yake tangu saa 2:00, na nyingine ichukue safari zote mbili za Shela. Saa 2:40 imemaliza. Kwa kazi tatu ni rahisi. Zikiwa mamia, kuzigawa kwenye prosesa ni kama kupakia jahazi masanduku ya kila ukubwa, na haijulikani njia ya haraka inayotoa mpango bora kila mara.

Kuna balaa jingine, na hili mtu wa Mkomani, mtaa wa vichochoro hapa Lamu, hahitaji kuelezwa sana. Punda mwenye shogi za mchanga ameingia kichochoroni. Nyuma yake inakuja machela yenye mgonjwa. Punda anataka kutoka, lakini mbele mikokoteni inapita mfululizo, na kwa daraja la umuhimu mkokoteni unamtangulia punda. Kwa hiyo mgonjwa, ambaye anawatangulia wote, anaisubiri mikokoteni isiyomhusu hata kidogo.

Ndilo lililokikuta chombo cha anga cha Marekani, Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Kazi ya chini ya kukusanya data za hali ya hewa ilishika kufuli (ruhusa ya kutumia kitu kinachotumiwa na kazi moja tu kwa wakati mmoja, kama kichochoro chetu) iliyokuwa ikingojwa na kazi ya daraja la juu. Kazi za kati zikaizuia ile ya chini isimalize. Kompyuta ikawa inajizima na kujiwasha upya. Wahandisi waliiga hitilafu hiyo kwenye mashine pacha duniani, wakatuma marekebisho: anayeshika kufuli aazimwe daraja la anayemngoja. Punda apite kwa cheo cha mgonjwa.

Pathfinder kilikuwa na prosesa moja. Prosesa zikiwa nyingi, cheo cha kuazima hakitoshi, maana kila prosesa ni mtaa wake: mgonjwa yuko mtaa huu na punda amezuiwa mtaa wa pili, kwenye foleni yenye madaraja yake. Kanuni mojawapo inayotumika ni kali zaidi: punda akishaingia tu kichochoroni, kabla mgonjwa hajatokea, apewe cheo cha kuzishinda kazi zote za kawaida za mtaa alipo. Wenye mikokoteni watanung'unika, na wana haki, kwa sababu sasa wao ndio wanaongoja. Ndiyo maana programu hizi huandikwa ili kufuli ishikwe kwa muda mfupi mno, mara nyingi wa kuhesabiwa kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde), na mhandisi huupima muda ule mrefu kuliko wote unaoweza kutokea, si wastani.