Baiskeli, jasho na kazi: yasemwayo Mtwara na ukweli wake

"Mtu wa baiskeli akikaa ofisini atanuka tu." Nimelisikia neno hili mara nyingi hapa Mtwara, na linaniuma, kwa sababu limewafanya watu waache baiskeli nzima zile kutu uani huku kila asubuhi wanalipa bodaboda. Mimi natoka Mikindani hadi mjini, kilomita 10 hivi, na wateja nawahudumia ana kwa ana.

Jasho jipya halinuki. Karibu lote ni maji na chumvi. Harufu huletwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi, hasa kwapani na kinenani, wanapolila jasho zito la sehemu hizo. Ndiyo maana wanaosema "nioge ya nini, si nitatoka jasho tena njiani?" wamekosea pakubwa. Ukiondoka umeoga kwa sabuni, ukavaa fulana iliyofuliwa, jasho la njiani halijapata muda wa kuvunda. Kinachonuka ni fulana ya jana, na ikiwa ya poliesta ndiyo zaidi, maana hushika harufu kuliko pamba.

Wengine husema ukifika tu, badili nguo haraka. Hapo ndipo mashati yangu mengi yalipoharibika. Ukishuka kwenye baiskeli mwili bado una moto, na jasho huendelea kutoka. Siku hizi naegesha chini ya mwembe, navua kofia, nakunywa maji, nakaa dakika 10 hadi 15 mpaka mgongo uanze kukauka wenyewe. Wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa nzito kwa unyevu, jasho linachelewa kukauka, basi natoka nyumbani mapema zaidi. Wakati wa kusi upepo unanipiga kifuani njia nzima. Nakanyaga taratibu, sishindani nao.

"Kazini kwetu hakuna bafu." Wala kwetu. Chooni naingia na chupa ya lita 1 na kitambaa cha pamba. Nalowesha, nakamua, nafuta uso, shingo, kifua, kisha kwapa kwa tone la sabuni, nasuuza, nakausha kabisa. Kwapa likiwa na unyevunyevu kidogo napitisha kipande cha shabu, lile jiwe jeupe kama barafu, kile kile cha dukani ambacho wazee wetu wamekitumia miaka yote. Huwazuia bakteria, na kimoja hukaa miezi. Limau sikushauri, hasa kama umetoka kunyoa. Litakuchoma.

Marashi juu ya jasho la zamani ni harufu mbili kwa mpigo. Na kujinyima maji ili usitoke jasho ni hatari kwa joto letu hili.

Mkoba usiubebe mgongoni, hapo ndipo shati hulowa kwanza. Ufunge kwenye keria kwa mpira. Shati la kazi liviringishe, usilikunje, ulitie ndani ya mfuko mkavu usiopitisha maji. Fulana ya njiani itundike palipo na hewa, usiifungie kwenye mfuko ule ule mpaka jioni.