Kujifunza bila kujua: yanayosemwa na yaliyopimwa

Nikikubunia neno "kizolo" sasa hivi, nikakuambia ni chombo cha kuchotea maji, utasema "vizolo viwili vimepotea". Nikibadili kauli kwamba kizolo ni mnyama, hapo hapo unageuka: "vizolo wawili wamepotea". Neno hujawahi kulisikia, na hukuhitaji kuwaza. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili husema "kijiko kimeanguka" na "kifaru amelala" miaka mingi kabla ya kukutana na neno ngeli darasani, na ukimwuliza kwa nini hasemi "kifaru kimelala", atakucheka tu.

Dhana: Huwezi kujifunza kitu bila kujua kwamba unajifunza.

Unaweza, na ushahidi ni mwingi. Mwaka 1967 Arthur Reber, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa watu mifuatano ya herufi waikariri. Hawakuambiwa kwamba mifuatano hiyo ilitungwa kwa kanuni. Baadaye ndipo walipoambiwa kuna kanuni, wakapewa mifuatano mipya waseme ipi inaifuata na ipi inaivunja. Walipatia kuliko mtu anayebahatisha, ilhali wengi hawakuweza kuitaja kanuni yenyewe.

Watoto wachanga nao wamo. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mkondo wa silabi usio na pumziko wala mkazo: bidakupadotigolabubidaku, hivyo hivyo kwa dakika 2. Baada ya hapo watoto walionyesha kutofautisha "maneno" yaliyokuwa yakijirudia na silabi zilizokutana mpakani mwa neno moja na jingine tu. Dakika mbili! Hakuna atakayedai kwamba mtoto wa miezi 8 alikaa akapiga hesabu kichwani.

Ila mfano unaonigusa zaidi ni wa Henry Molaison, aliyejulikana kwa miaka mingi kama H.M. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo linalohusika na kumbukumbu. Tangu hapo hakuweza kutunza kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora mstari ndani ya kingo za nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Zoezi hilo linaudhi, kwa sababu ukitaka kwenda juu mkono unakwenda chini. Kwa siku tatu makosa yake yalizidi kupungua, na kila siku alikaa mezani kama mtu ambaye hajawahi kuiona nyota hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza. Mwenyewe hana habari.

Dhana: Basi ukilala na masomo sikioni, utaamka umeyajua.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Mwaka 1956 Charles Simon na William Emmons waliwasomea watu maswali na majibu usiku huku wakipima mawimbi ya ubongo wao. Mawimbi yalipoonyesha usingizi wa kweli, asubuhi hakuna kilichobaki. Kwa maneno mengine, waliokuwa "wakijifunza usingizini" walikuwa macho kidogo.

Usingizi hauzibi kila mlango, lakini. Mwaka 2012 Anat Arzi na wenzake, huko Israeli, walicheza mlio mmoja pamoja na harufu nzuri na mlio mwingine pamoja na harufu mbaya, watu wakiwa wamelala. Baadaye mlio peke yake ulitosha kubadili jinsi walivyovuta pumzi puani, hata walipoamka, na hawakukumbuka chochote. Kufunga mlio na harufu, sawa. Msamiati wa lugha ya kigeni au tarehe za historia, sahau.

Dhana: Ujumbe uliofichwa hupenya moja kwa moja akilini.

Mwaka 1957 James Vicary, mtafiti wa masoko wa Marekani, alidai kwamba kumulika maneno ya kuhimiza watu wale bisi na kunywa Coca-Cola, kwa muda mfupi kuliko jicho linavyoweza kusoma, kulipandisha mauzo kwenye jumba la sinema. Miaka mitano baadaye alikiri kwamba data yake ilikuwa ndogo mno. Kukiri huko hakukusikika kama dai lenyewe lilivyosikika.

Kanda za kusikiliza zenye ujumbe wa siri zilipimwa na Anthony Greenwald na wenzake mwaka 1991. Baadhi ya watu walipewa kanda ya kuimarisha kumbukumbu iliyobandikwa lebo ya kujiamini, na wengine kinyume chake. Baada ya mwezi, kanda hazikuwa zimefanya kazi ya maana. Watu wengi, hata hivyo, waliona wamepata nafuu, na nafuu waliyoiona ilifuata lebo.

Dhana: Ikiwa hujifunzi kwa makusudi, umakini hauhitajiki.

Haya ni mambo mawili tofauti. Mary Jo Nissen na Peter Bullemer, mwaka 1987, waliwapa watu kazi ya kubonyeza kitufe kila taa inapowaka. Taa zilifuata mpangilio uliojirudia, na vidole vikawa vyepesi. Walipoongezewa kazi ya kuhesabu milio wakati huo huo, wepesi huo wa kujifunza mpangilio ulipotea. Kutojua kanuni kunavumilika. Kutozitilia taa maanani hakuvumiliki.

Dhana: Asiyeweza kueleza alichojifunza hakufahamu lolote.

Hapa wataalamu bado wanavutana, nami naegemea upande wa wenye shaka kwamba watu hao hawakujua lolote kabisa. David Shanks na Mark St. John walihoji mwaka 1994 kwamba majaribio mengi huuliza swali pana mno. Mwulize mtu aliyekariri ile mifuatano, "Kanuni ni ipi?" na atakuambia hajui. Mwulize ni herufi zipi mbili alizoea kuziona pamoja, na mara nyingi atakutajia.